Kinga na Kinga

Saa tatu usiku, Julai, mtaa wa Bugongi, Kabale.
Ukungu umepanda kutoka Bunyonyi,
umeingia uani bila hodi,
umelowesha shuka nilizozisahau kambani.
Nashika tochi. Navaa koti la marehemu,
koti la sajini, lililobakiwa na vifungo viwili,
naanza doria yangu.

Mlango wa kwanza: Turyahebwa, muuza viazi.
"Jiko liko wapi?"
"Liko nje, afande!" Anacheka kabla sijamaliza.
Kiswahili changu ni cha kambini,
nilikirithi pamoja na koti:
kina amri nyingi, kina pole chache.
Namulika chini ya kitanda hata hivyo.
Magunia. Ndala. Viazi vilivyochipua. Sawa.

Mlango wa pili: mwalimu Ahimbisibwe
anasahihisha madaftari kwa mshumaa
aliousimamisha juu ya kasha la plastiki.
Simwambii neno. Naleta sahani ya bati,
natia mchanga, nauchomeka mshumaa katikati,
nalivuta pazia, nalifunga fundo.
"Wahenga walisema dawa ya moto ni moto," anajitetea.
Wahenga hao, mwalimu, hawakupanga chumba
cha futi kumi kwa kumi chenye godoro la sponji.

Hawajui, au wanajua na hawasemi,
kwa nini mlango wa tatu niliuziba kwa matofali.

Kembabazi, mdogo wangu, alikuwa haiwezi baridi.
Alisema: naliingiza kidogo tu, dada,
makaa yameshakuwa mekundu, hayana moshi.
Hayana moshi.
Hewa ile ilimlewesha kwanza,
blanketi likateleza baadaye.
Asubuhi tulikuta ndoo ya maji
imejaa hadi ukingoni,
hatua tatu kutoka kizingiti.

Mlango wa nne ndio mgumu.
Nyirahabimana wa Kisoro, na kichanga cha wiki tano,
na jiko katikati ya chumba kama mgeni rasmi.
"Toa nje."
Hatoi.
"Gusa miguu yake kwanza, mama.
Gusa, halafu ndiyo unipe amri."
Nikagusa.
Kokoto za mtoni.

Sajini hakunifundisha amri ya hapo.

Nilisimama. Ukungu ukasimama nyuma yangu kusikiliza.
Kisha nikalibeba jiko mwenyewe, kwa matambara,
hadi uani, mbali na kuni, mbali na nguo,
nikalipa kazi moja ya mwisho: sufuria ya maji.
Yalipochemka nikayatia katika vidumu viwili,
nikakaza vifuniko, nikavivika soksi za jeshi.
Kimoja pembeni ya mtoto, nje ya shali,
kisiguse ngozi, nikasema, kisiguse.
Kimoja mgongoni pa mama.
Dirisha nikaliacha wazi vidole viwili.
Na blanketi langu la pili, lile zito,
ambalo miaka yote nililitilia dawa ya nondo
nikimtunzia sijui nani,
nikalileta.
Ndipo nikarudi kuyafukia makaa.

Kinga na kinga ndipo moto uwakapo.
Tangu utotoni naisema methali hii
nikiona vijiti viwili jikoni,
ncha kwa ncha, vikipeana joto.
Leo nimeisikia kwa sikio jingine.
Huyu na kinga yake, yule na kinga yake,
sahani ya mchanga, soksi, dirisha, fundo la pazia,
na moto unazunguka ua mzima
haupati pa kuingilia.

Nimelala na blanketi moja. Meno yanagongana.
Kesho Turyahebwa ataniita afande tena,
na nitamkemea, na atacheka.
Uani manyunyu yanadondokea majivu: tss, tss.
Kuta zangu ni nyembamba, nilijenga kwa haraka,
usiku kama huu nashukuru kwa wembamba wake.
Nahesabu pumzi.
Moja. Mbili. Tatu.
Nangoja ile ndogo.

Nne.